Namna ya Kuandika Msururu wa Riwaya za Kutisha kuhusu Wanyonya Damu wa Ulimwengu Mwingine Wanaotua Pemba

Mwandishi anayeketi Wete au Mji Mkongwe akitaka kuandika msururu wa riwaya za kutisha kuhusu wanyonya damu waliotoka ulimwengu mwingine anayo faida moja ambayo inampasa aijue kabla hajaandika ukurasa wa kwanza, nayo ni kwamba msomaji wake hahitaji kushawishiwa kuwa usiku una wenyewe. Kazi hiyo walikwishaifanya bibi zetu. Inayobaki, na ndiyo nzito, ni kumfanya msomaji huyo akubali kwamba aliyebisha mlangoni si miongoni mwa wale anaowajua, si jini, si mzimu, si kizuu cha mtu, bali ni kiumbe mwenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo hazitavunjwa kumrahisishia mwandishi kazi hata msururu ukifika kitabu cha nne. Mwongozo huu unashughulika na kanuni hizo kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu katika miswada ya aina hii niliyopata kuisoma, pamoja na miwili yangu mwenyewe iliyoishia sandukuni, kilichoiharibu hadithi hakikuwa uchache wa damu.

Jina kabla ya meno

Anza na jina. Neno “vampaya” linaeleweka na vijana, lakini huja pamoja na joho jeusi, kasri la mawe na theluji, na ukilitumia Konde au Micheweni utapoteza kurasa kumi kwa kuiyeyusha theluji hiyo. “Mnyonya damu” ni Kiswahili safi, ila msomaji aliyekulia katika miaka ya sitini na sabini alilisikia neno “mnyonyaji” majukwaani na kumwona mwenyewe katika vikatuni vya magazeti akiwa na suti na tumbo kubwa, kwa hiyo atakuwa anasubiri siasa pale unapomtaka aogope.

Mumiani ndilo neno lenye uzito mkubwa zaidi katika pwani yetu, na ndiyo maana linahitaji uangalifu. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939 inaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyotumiwa kutibu maumivu na mifupa iliyovunjika na kusemwa kuwa huletwa kutoka Uajemi, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kwa dhati kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka watu wa mji walijaa hofu na hawakutoka nje ovyo baada ya jua kuzama. Zingatia kwamba katika masimulizi yetu anayechukua damu hiyo ni mtu: ana mwajiri, ana ujira, pengine ana gari. Mumiani ni wa dunia hii. Usimpe jina lake kiumbe aliyetoka katika nyota nyingine. Mpe binadamu atakayekubali kuwauzia wageni hao majirani zake, kwani msururu wa namna hii utamhitaji mtu huyo ifikapo kitabu cha pili, na msomaji atakuwa amekwishamchukia kabla hujamweleza sura yake.

Kwa kiumbe mwenyewe nashauri uunde jina jipya kutokana na mzizi ambao msomaji tayari anao mdomoni. Wangu nimewaita Wakupwa, kutokana na kupwa kwa maji, kwa sababu huja bahari inapoondoka. Jina liwe fupi, liweze kutamkwa na mzee asiye na meno, na lenyewe lisiwe la kutisha. Hofu italifuata baadaye.

Hapo hapo kwenye jina kuna silaha ambayo mwandishi wa Kiswahili anayo na wengi hawaitumii, nayo ni upatanisho wa ngeli. Kibwengo na kizimwi huanza kwa ki-, lakini tunawasema kama viumbe hai: kibwengo amekuja, kizimwi yule. Kwa hiyo mhusika anapoona umbo mwambani katika sura za mwanzo, mwache aseme “kitu”, na sentensi zote zifuate: kilisimama, kiligeuka, kilikuwa kinapumua. Siku atakapouona uso wake, badilisha upatanisho bila kutoa maelezo yoyote, uandike “alisimama”, na msomaji atahisi baridi kabla hajajua ni kwa nini. Kinyume chake kina nguvu zaidi. Katika sura moja ya kitabu changu cha pili sheha anakwenda kumjulia hali kijana aliyekuwa akikutwa pwani kila alfajiri, na mama yake anamjibu kwa upole, “Kimo ndani, Sheha, kimelala.” Sheha kwanza anadhani ni mapenzi ya mzazi, kwani sote huwasema watoto wetu kwa ki- tunapowadekeza. Anakunywa kahawa yake nusu kikombe. Kisha anaona kwamba mlango wa chumba umefungwa kwa komeo la nje.

Sarufi hiyo inakufaa mara moja au mbili katika kitabu kizima. Ukiitumia kila sura itakuwa mchezo wa maneno.

Ulimwengu walikotoka

Maneno “ulimwengu mwingine” yanaweza kukupeleka njia mbili. Ya kwanza ni ya chini: kuzimu, au Giningi, ile nchi ya wachawi inayosimuliwa visiwani. Ya pili ni ya juu, mbinguni kwenye nyota. Mimi nachagua ya pili bila kusita, kwa sababu Giningi tayari ina wakaazi wake na desturi zake, na msomaji wa Pemba atakusahihisha, ilhali juu ya sayari ya mbali wewe ndiwe unayeweka sheria, alimradi sheria hizo zisipingane na zile za maumbile.

Chukua mfano wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko nyingine yoyote baada ya jua letu, kiasi cha miaka ya mwanga 4.2 kutoka hapa. Ni nyota ndogo, nyekundu, isiyoonekana kwa macho matupu, lakini ni ya kundi moja na Alpha Centauri, ambayo mtu akisimama Mkoani usiku wa Juni na kutazama kusini ataiona ikiwaka vizuri, ile angavu zaidi kati ya nyota mbili zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kuwa wamegundua sayari inayoizunguka Proxima kwa siku 11 hivi, na sayari iliyo karibu namna hiyo na nyota yake inatazamiwa kuwa imeielekezea upande mmoja daima, kama mwezi unavyotuelekezea sisi uso mmoja. Upande mmoja ni mchana usiokwisha, na wa pili ni usiku ambao haujapata kucha.

Sasa waweke watu wako katika upande wa usiku, na ujiulize maswali madogo badala ya makubwa. Kiumbe ambaye hajapata kuona jua likichomoza hana neno la asubuhi, hana kesho, hana mwezi mwandamo wala umri unaohesabiwa kwa miaka kama yetu. Anaweza kujifunza Kiswahili kwa kusikiliza madirishani, na akakijua vizuri, lakini salamu ya “umeamkaje” itamshinda, kwa sababu hajui kuamka ni kutoka wapi kwenda wapi. Nimelitumia hilo mara tatu katika msururu wangu. Mgeni anajibu kila salamu kwa usahihi, hadi aulizwe ameamkaje, na hapo ananyamaza kwa muda ambao mtu wa kawaida angeweza kuvuta pumzi mbili.

Suala la jua pia lipate uamuzi wako, si mazoea. Wengi wanadhani kuwa wanyonya damu wamekuwa wakifa kwa jua tangu zamani, kumbe yule mashuhuri kuliko wote, Dracula wa riwaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1897, hutembea mchana akiwa na nguvu zilizopungua tu, na aliyewaua kwa mwanga wa jua ni watengenezaji wa filamu moja bubu ya Ujerumani ya mwaka 1922. (Mwaka huo huo wa 1897 ndio ambao utumwa ulifutwa kwa amri ya serikali hapa Unguja na Pemba, na mwandishi mwenye subira anaweza kuitumia sadfa hiyo katika kitabu cha historia ya wahusika wake, mimi sina subira hiyo.) Nimeamua kwamba jua haliwaui Wakupwa, bali linawapofusha, kwa sababu macho yao yaliumbwa kwa mwanga hafifu wenye joto zaidi ya nuru. Mchana wanaweza kutembea wakijifunika. Uamuzi huo ulinigharimu sura mbili nilizozipenda, lakini ulinipa mwisho wa kitabu cha kwanza.

Jambo jingine ambalo visiwa vyetu vinampa mwandishi bila malipo: Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo usiku wetu una kiasi cha saa 12 mwaka mzima, na tofauti kati ya usiku mrefu na mfupi haifiki saa moja. Wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya wana majira ya joto ambayo mnyonya damu angekufa njaa. Hapa hapati likizo.

Mlango wa maji na ratiba yake

Ulimwengu mwingine unahitaji mlango, na mlango unahitaji ratiba, maana mlango unaofunguka wakati wowote autakao mwandishi haumtishi mtu. Visiwani ratiba iko tayari. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita 4 hivi. Tena maji ya bamvua hupwa takriban saa 4 asubuhi na takriban saa 4 usiku, jambo ambalo kila mwanamke anayelima mwani analijua kwa miguu yake. Mlango wangu ni kidimbwi kilicho mbali kwenye mwamba upande wa Makangale, mahali ambapo maji mafu, yale ya kati ya bamvua mbili yasiyopwa sana, hayapafichui kamwe. Asubuhi ya bamvua wanawake wanakipita na kamba zao za mwani wakidhani ni kidimbwi kama vingine, ila mmoja anasema kila mara kwamba maji yake ni ya baridi. Usiku, saa 4, hakuna anayepita.

Nilijifunza kuheshimu ratiba hiyo kwa aibu. Katika mswada wangu wa kwanza niliandika kwa fahari tukio la Wakupwa kutoka mwambani usiku wa tarehe 7 ya mwezi mwandamo, mwezi nusu ukining'inia juu ya minazi, bahari imekimbia hadi miamba ya nje. Nikampa mvuvi mmoja mzee asome. Alizisoma kurasa zile kwenye ngazi ya ngalawa yake, akimulika kwa tochi ya simu, midomo ikitembea, na alipofika hapo akacheka mpaka akakohoa. “Mwanangu,” aliniambia, “tarehe saba na maji yamekupwa hivi? Hayo ni maji mafu. Huyo shetani wako atatoka wapi, atazama.” Nilijitetea kuwa ni hadithi. Akanirudishia karatasi zangu na kusema kwamba anajua ni hadithi, ndiyo maana aliisoma, lakini sasa hawezi tena kuniamini kuhusu yule shetani. Sikupata somo bora kuliko hilo kwa mwalimu yeyote wa fasihi.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenizindua kuhusu tofauti ya bamvua mbili. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao katika siku za kiza, na wakati wa mbaamwezi hupumzika, kwa kuwa samaki hawazifuati taa bahari ikiwa nyeupe. Maana yake ni kwamba bamvua ya mwezi mpevu inawakuta wanaume majumbani, na bamvua ya kiza inawakuta baharini, huku nyumba zimebaki na wanawake, wazee na watoto. Shambulio la kwanza liwe la kiza. Na wanaume, kutoka huko baharini, waone taa za kijiji zikizimika moja baada ya moja bila kujua wanachokiona.

Hesabu ya damu

Fanya hesabu kabla msomaji hajakufanyia. Tuseme mnyonya damu mmoja anamng'ata mtu mmoja kila mwezi, na kila anayeng'atwa anakuwa mnyonya damu. Mwezi wa kwanza watakuwa 2, wa pili 4, mwaka ukitimia watakuwa 4,096, na mwezi wa 19 watakuwa 524,288. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Pemba watu zaidi kidogo ya 540,000. Mwezi wa 20 hakuna atakayebaki wa kung'atwa, na wewe bado una vitabu vitatu vya kuandika. Kwa sababu hiyo, anayeng'atwa asigeuke, au kugeuka kuwe jambo la nadra lenye sharti gumu.

Hesabu ya pili ni ya chakula. Mtu mzima ana kiasi cha lita 5 za damu. Anayejitolea damu hospitalini hutolewa mililita 450 hivi, kisha hutakiwa kusubiri miezi 3 akiwa mwanamume na miezi 4 akiwa mwanamke. Kiumbe anayekunywa kiasi hicho kila usiku bila kumuua mtu wala kumdhoofisha kwa dhahiri anahitaji watu wazima 90 hadi 120 wa kuwazungukia, kwa hiyo kijiji chenye watu wazima 1,000 kinaweza kulisha Wakupwa tisa au kumi kwa siri. Wakifika ishirini, siri inavuja.

Na ndani ya siri hiyo ndimo ilimo hofu ya kitabu cha kwanza, si katika maiti. Andika kijiji ambamo kila mtu amechoka. Watu wanashika ukuta wakiinuka kutoka kwenye sijda. Mtoto anaanguka kwenye mstari skuli, anapewa vidonge vya kuongeza damu, na wiki inayofuata ni mwalimu wake. Kucha za wanawake zimekuwa nyeupe, na wao wenyewe wanalaumu msimu mrefu wa karafuu. Muuguzi wa kituo cha afya anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, anafungua daftari la miezi iliyopita, na anagundua kwamba wagonjwa wake huongezeka mara mbili kwa mwezi, kwa tarehe ambazo hazifuati kalenda ya ukutani. Anayemwonyesha kalenda wanayoifuata ni mama yake, anayelima mwani.

Hodi

Katika masimulizi mengi ya Ulaya mnyonya damu haingii ndani mpaka akaribishwe. Huko hiyo ni kinga. Hapa kwetu, ambapo neno “karibu” hutoka mdomoni kabla mtu hajageuza shingo kuona ni nani, ni maangamizi, na sijui kwa nini mwandishi wa visiwani aache hazina kama hiyo. Tazama jinsi inavyoweza kuandikwa bila kelele:

Bi Raya alikuwa ukumbini akichambua karafuu, vidole vikitenganisha makonyo bila kusaidiwa na macho. “Hodi,” ilisema sauti ya mwanamke nje. Hakuinua kichwa. “Karibu,” alijibu, na neno lilikwishatoka alipokumbuka kwamba hakuyasikia makuti makavu yaliyotandazwa mbele ya mlango, ambayo hata kuku akipita hulia.

Hakuna jino wala kucha katika kifungu hicho, na hapahitajiki. Kuanzia hapo kanuni ikue pamoja na wahusika. Adabu tuliyofunzwa chuoni, yaani madrasa, ni kubisha hodi mara tatu, na kusita kati ya moja na nyingine, kisha kurudi ulikotoka usipojibiwa. Wakupwa wanazijua tatu, lakini hawajui kusita, kwa hiyo huzitoa mfululizo kwa pumzi moja. Katika kitabu cha pili wanakijiji wameacha kusema “karibu” na wanauliza “Nani?” Sote tulifunzwa pia kwamba aulizwaye hivyo ataje jina lake, asijibu “Mimi”. Kiumbe anajibu “Mimi”. Katika kitabu cha tatu amejifunza, na anataja jina: la mtu aliyezikwa juzi, au, vibaya zaidi, la mtu aliye ndani.

Angalia kuwa katika kila hatua binadamu wanapoteza kitu. Mwisho wa kitabu cha tatu kijiji kizima kimeacha kukaribishana, watu wanakula milango imefungwa, na hakuna mgeni aliyelala njaa nje ambaye unaweza kumlaumu Mkupwa kwa ajili yake.

Vitu ambavyo ni bora kuviacha

Thomu iache jikoni. Kinga ya kitunguu thomu inaweza kufaa mahali ambapo ni kitu cha kutafutwa, lakini kwetu imo katika pilau, imo katika mchuzi, imo katika pumzi ya kila mtu, na mnyonya damu anayeiogopa asingemaliza wiki Chake Chake. Msalaba nao hauna nafasi katika nyumba ambazo haumo.

Aya za Qur'ani ni suala zito zaidi. Msomaji atauliza kwa nini wahusika hawakusoma Ayatul Kursi, na ni haki yake kuuliza, kwa hiyo wahusika waisome. Lakini usiigeuze kuwa bunduki inayolipua viumbe kwenye ukurasa wa mwisho, wala usithubutu kuonyesha kwamba imeshindwa. Njia niliyoiona salama ni hii: viumbe hawa si majini wala mashetani, ni viumbe wenye mwili na njaa, kama papa alivyo na mwili na njaa, na mvuvi anayemsomea dua papa hatarajii papa ageuke moshi, anatuliza moyo wake ili mkono usitetemeke. Mwalimu wa chuo katika kitabu changu analisema hilo mapema, na akishalisema anakwenda kutafuta msumari na nyundo.

Popobawa, yule kiumbe wa usiku anayesemwa kuwavamia watu wakiwa wamelala, usimguse. Hofu iliyotanda Pemba na Unguja mwaka 1995, ikiwa ni pamoja na mwezi wa Ramadhani, iliwafanya watu walale nje kwa makundi huku moto ukiwaka, na mjini Unguja mtu asiye na hatia aliuawa na umati uliodhani umemkamata. Watu waliopitia usiku ule bado wako nasi, na wengi wao hawakusimulia yaliyowapata. Unachoweza kuazima kutoka mwaka ule ni jinsi kijiji kinavyolala kikiwa na hofu: mikeka uani, zamu za kukesha, mzee anayehadithia visa vya kuchekesha hadi alfajiri ili watoto wasiusikilize ukimya.

Wala usiwasingizie popo. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani, anaweza kuwa na mabawa ya upana wa zaidi ya mita moja na nusu na anatisha kumtazama akiruka magharibi, lakini anakula matunda. Popo wanaokunywa damu wanaishi katika bara la Amerika tu. Aliyewahi kufika Kidike na kuwaona wakining'inia mchana, wakijipepea kama mabibi kwenye harusi, hatakubali wawe majambazi wa hadithi yako, na wanyama hao walikwishawindwa vya kutosha.

Kuugawa msururu

Kuhusu mpangilio wa vitabu sina mengi. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, alimwandika Bwana Msa kwa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia kitabu kilichotoka mwaka 1960 hadi kile cha mwaka 1984, na kila kisa kilisimama peke yake huku mpelelezi na kiko chake wakibaki wale wale. Kwa hofu njia hiyo haifai moja kwa moja, kwa sababu mhusika tunayejua kwamba atarudi hatutishiki naye. Chagua badala yake kitu kingine kitakachodumu: kijiji, kidimbwi, au, kama nilivyofanya, daftari la muuguzi linalopita mkono hadi mkono kila mwenye nalo anapokufa.

Nawe uwe na daftari lako. Andika humo kila kanuni siku unayoibuni, na kurasa ulizoitumia, na umri wa kila mtoto, maana mtoto wa miaka sita katika kitabu cha kwanza atakuwa anaoa katika cha tano. Andika pia tarehe za kweli unazotaka kuzipitia. Unguja ilikosa umeme kwa kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa kiasi cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilhali Pemba wakati huo ilikuwa ikiendeshwa kwa mitambo yake ya dizeli. Kwa kiumbe anayekimbia mwanga hiyo ni safari ya boti ya usiku mmoja tu kutoka Mkoani, kuelekea mji wa vichochoro vyembamba wenye watu wengi na kiza cha miezi mitatu. Kitabu changu cha tatu kizima kimetoka katika sentensi hiyo moja, na sikulazimika kubuni chochote isipokuwa abiria.

Kila kitabu kimalize swali lake na kiache hesabu moja isiyolingana. Cha kwanza ninakimaliza mchana, kwa makusudi, saa 4 asubuhi ya bamvua ya mwezi mpevu, jua kali, kidimbwi kimekwishafukiwa kwa mawe na wanaume wamerudi kulala. Wanawake wanapandisha mwani ufukweni wamebeba magunia kichwani, wakiimba. Muuguzi amekaa kivulini na mama yake anawahesabu wanaopita, kwa mazoea tu, kama alivyowahesabu wakiteremka. Walikwenda kumi na saba. Wa kumi na nane anapita mwisho kabisa, kanga imemfunika hadi machoni, na anasita mbele yao kwa muda wa pumzi mbili kabla ya kuitikia salamu.